Majaribio ya Siku Saba Dirishani kwa Bibi

Mwaka ule wa korona, chuo kilipofungwa, nilirudi nyumbani Ujiji na begi moja, kompyuta yenye betri mbovu, na tabia ya kumuuliza kila mtu amejuaje. Mama alisema chuo kimeniharibu. Halafu akafikiri kidogo, akasema hapana, nilikuwa hivyo tangu darasa la pili, chuo kimeongeza sauti tu.

Niliikuta familia katikati ya mipango. Baba ni karani bandarini, na kila baada ya miaka miwili mwajiri wake humlipia nauli ya likizo, yeye na watu wa nyumbani kwake. Miaka yote nauli hiyo ilitupeleka kwa ndugu, kukaa kwenye viti vya watu na kuambiwa tumekua. Safari hii mdogo wangu wa kike, aliyekuwa na miaka tisa, alikuwa ameomba jambo jingine. Kwenye simu ya shangazi aliona video ya bustani ya michezo huko Dar es Salaam: mabomba makubwa ya rangi yamejipinda hewani kama utumbo, watoto wanaingilia juu wakipiga kelele na kutokea chini, chubwi, ndani ya bwawa. Baba akamwahidi. Baba haahidi ovyo, kwa hiyo mtoto akachora ratiba kwa mkaa kwenye ukuta wa uani: siku mbili za gari moshi, siku moja ya kulala, siku moja ya kuteleza.

Tatizo lilikuwa Bibi. Bibi ni mama yake Baba, na anaishi nasi. Ana pumu ya miaka mingi, kifua chake hupiga mluzi hata akicheka, na alikuwa analala kitanda kimoja na mdogo wangu. Kila nilichosoma kuhusu ugonjwa ule kilisema wazee wenye vifua vya namna hiyo ndio walio hatarini zaidi. Mengine niliyashuku. Nilishuku nyungu za kujifukiza, nilishuku tangawizi na malimau, nilimshuku na yule jirani aliyeapa kwamba joto la Kigoma linaua virusi kabla havijashuka behewani. Hili la kifua cha Bibi sikupata pa kulishuku. Tungekwenda, tungerudi na ugonjwa bila kujijua, na Bibi angekufa.

Baba aliniita akaniambia mimi ndiye niliyesoma, basi nitafute namna ya mtoto kuteleza na Bibi kubaki hai. Nilikaa na karatasi siku mbili. Barakoa kwa kila mtu. Chakula cha njiani kipikwe nyumbani, tusinunue kitu stesheni. Bustanini twende siku ya katikati ya wiki, asubuhi, kabla watu hawajajaa. Na tukirudi, tusiingie nyumbani kwa siku kumi na nne. Shangazi, dada yake Baba, ana nyumba Bangwe, hapahapa Kigoma. Yeye angehamia Ujiji kukaa na Bibi, sisi tungetoka stesheni moja kwa moja hadi kwake. Bado ninayo karatasi ile. Nikiisoma sioni kosa ndani yake.

Kosa lilikuwa nje ya karatasi. Nilimweleza kila mtu isipokuwa Bibi. Nilijiambia namwepusha na hofu. Shangazi naye akamweleza shoga yake, shoga akaeleza dukani, na kilichofika mtaani kilikuwa kifupi: mwana na wajukuu wakitoka Dar watalala Bangwe, kwa mama yao hawatakanyaga.

Kwetu msafiri akirudi huingia kwanza kwa mzazi. Hushikana naye mikono, na mikono haiachiani mpaka aulizwe habari za kila mtu aliyemwacha huko, mmoja mmoja, kwa maana salamu ya Kiha haina haraka. Anayepita mlango wa mama yake akalale kwingine ana sababu moja tu, nayo ni ugomvi. Mtaa ukaelewa hivyo, na mtaa wetu hauachi ugomvi ulale njaa.

Ijumaa alasiri wakaja wazee wanne kutoka msikitini na akina mama wawili wa jirani, kutusuluhisha. Wakaingia wote chumbani kwa Bibi, chumba chenye dirisha moja, wakabanana kitandani na mkekani, mzee mmoja akakalia dumu la mawese. Mimi nilisimama mlangoni na barakoa usoni na chupa ya kitakasa mikono, nikiwahesabu watu sita wanaompumulia mtu niliyetunga mpango mzima ili asipumuliwe. Mzee wa kwanza alisema vijana wa vyuo wakirudi huja na mambo. Wa pili akamsihi Baba, kwa upole sana, amrudie mama yake kabla hajapanda gari moshi. Baba, ambaye hakuwa amegombana na mtu yeyote, aliomba radhi. Aliniambia baadaye kwamba kuomba radhi kulikuwa kwepesi kuliko kueleza.

Bibi aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniita.

"Mume wangu, sogea. Hili la kutoingia kwangu limetoka kwa nani?"

Nikamwambia limetoka kwangu. Nikamweleza kifua chake, gari moshi, bustani yenye watoto kutoka kila mahali, siku kumi na nne. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza yeye kuyasikia, na nilikuwa namwambia mbele ya halmashauri nzima.

"Kwa hiyo mnaogopa nitakufa."

"Ndiyo, Bibi."

"Sasa si mngeniambia mimi? Mwenye kufa si mimi?"

Akina mama walicheka wakajificha kwenye khanga. Wazee nao walilifurahia swali hilo.

Akataka kuiona hiyo bustani. Mdogo wangu akamshikia simu, akaitazama video mara mbili, akauliza maji yale yanatoka wapi. Akajibiwa ni ya bomba. Akasema kitu kwa Kiha, chumba kizima kikaangua kicheko. Shangazi alinifafanulia baadaye: watu wana ziwa zima mlangoni, wanasafiri siku mbili kulifuata bomba. Lakini baada ya kicheko Bibi alisema mtoto ameahidiwa, na yeye hataki kuwa sababu ya ahadi kuvunjwa. Ila ana sharti.

"Mimi ni kama wewe, siamini mpaka nione," aliniambia. "Hameni sasa hivi, kabla ya safari. Siku saba. Kila asubuhi mje mniamkie hapo dirishani, msiingie. Mkiziweza saba mkiwa wazima, nitajua mtaziweza kumi na nne. Mkishindwa, hamwendi."

Nilifurahi kupita kiasi. Nilikuwa nimezungukwa na watu wanaoamini kila kinachotumwa kwenye simu, na hapa mtu mmoja anadai majaribio. Niliyemtilia shaka alikuwa mdogo wangu. Nilimpa siku mbili.

Tukahamia Bangwe, Shangazi akaja Ujiji. Asubuhi ya kwanza tulisimama nje ya dirisha mimi, Mama na mdogo wangu. Baba alikwishapita alfajiri akielekea kazini. Mdogo wangu aliamkia mikono ikiwa mgongoni kama mlinzi. Bibi akaitika, akamwita mke mwenzake, akamwambia kitanda kimekuwa kikubwa mno. Mtoto akauma mdomo, asisogee. Asubuhi ya pili Bibi alimjaribu kwa makusudi, akapitisha karanga za kukaanga kwenye nondo za dirisha. Mtoto akatazama karanga, akanitazama mimi, akaingiza mikono mifukoni. Mama akaniuliza kwa sauti ndogo kama mtihani wetu hauna huruma. Nikamjibu kwamba ndiyo maana unaitwa mtihani.

Asubuhi ya tatu nilikwenda peke yangu. Mama na mdogo wangu walikuwa Bangwe wanafua, Shangazi alikuwa ametoka kwenda mwaloni kwa wavuvi kununua dagaa. Nyumba ya pili walikuwa wanachoma majani, na upepo wa ziwani ukauleta moshi wote kwetu. Bibi alikuwa ananiuliza lini nitamletea mke mdogo. Akakatika katikati ya neno. Akajaribu kulimalizia, likagoma, nikasikia ule mluzi.

Mlango siukumbuki. Nakumbuka nikiwa nimekaa nyuma yake kitandani, mgongo wake umeegemea kifua changu, mkono wangu ukipapasa mfuko wa dawa unaoning'inia kwenye msumari. Alivuta dawa mara ya kwanza, hakuna kitu. Mara ya pili, pumzi ikaanza kupita kidogo kidogo, na kila iliyopita niliihisi mbavuni mwangu. Barakoa ilikuwa mfukoni.

Alipotulia aliuliza, "Leo ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Haya."

Kwa tabia yangu, nilijiuliza kama alifanya makusudi. Kisha nikakumbuka midomo yake ilivyokuwa ya kijivu, nikaona haya.

Nilikaa naye mpaka Shangazi aliporudi na dagaa wake. Watu niliowahadithia kisa hiki baadaye walinisifu kwa upendo, nami sikukubali sifa hiyo. Ningekuwa nimetoka kwenye gari moshi na ugonjwa kifuani, ningeingia vilevile, ningemkumbatia vilevile, na ningekuwa nimemuua kwa upendo huohuo. Karatasi yangu ilikuwa imepanga kila kitu isipokuwa sisi wenyewe. Bibi alilijua hilo kabla yangu, akataka tulione wakati bado halimdhuru mtu.

Sishukuru kwa urahisi. Mtu akisema tushukuru, huwa nauliza kwa lipi na kwa kigezo gani. Lakini kwa zile siku tatu nashukuru bila swali. Nashukuru kwa wale wazee waliokuja kusuluhisha ugomvi usiokuwepo, kwa kuwa bila wao nisingemwambia Bibi chochote. Ninapoandika haya yuko hai, na wiki hii tu amekataa kunipa kichwa cha samaki wetu wa mgebuka kwa kosa la kutooa.

Jioni ya siku ile ya tatu nilimfuata Baba bandarini nikamwambia tumeshindwa, na aliyeshindwa ni mimi. Aliangalia meli iliyokuwa inapakia mifuko ya saruji. Akasema kesho ataandika barua likizo isogezwe, na kwamba atalala nyumbani usiku huohuo, maana amechoka kumwamkia mama yake kama askari. Ila kumwambia mtoto, akasema, ni kazi yangu.

Nilimkuta Bangwe, ngazini kwa Shangazi, anakausha miguu. Nilimweleza yote: moshi, mluzi, mlango, dawa. Nilitarajia kilio. Aliuliza kama Bibi anapumua sasa, nikamwambia anapumua. Akauliza kama leo atalala naye, nikamwambia ndiyo. Akavaa kandambili zake, akasimama.

"Mimi ningezimaliza zote saba," alisema.

Nilimwambia najua.