Saa Mbili Nilizokuwa Nchi

Mimi niliwahi kuwa nchi.

Usicheke. Nchi kamili, yenye raia wanne, meza moja na kiti cha miguu mitatu. Nilitawala saa mbili tu, na ndani ya saa hizo nilitajirika, nikafilisika, nikainuka, nikakaribia kufutwa kwenye ramani.

Ngoja nianzie mwanzo.

Nilikuwa chuo kikuu, nasoma uchumi wa kimataifa. Somo la biashara ya dunia nilikuwa nalisoma kwa mara ya tatu. Ndiyo, ya tatu. Wenzangu waliniita Mkongwe. Kuna mmoja alikuwa ananipa shikamoo ya dhihaka kila asubuhi, nami namjibu, "Marahaba mwanangu, umekula?"

Nacheka sasa. Wakati ule nilikuwa silali. Ukianguka mara ya tatu, unafungasha virago. Na dada yangu mkubwa, fundi cherehani, alishanunua kitambaa cha suti yangu ya mahafali. Kilikuwa kimekunjwa juu ya kabati, kinasubiri mkasi.

Mhadhiri wetu tulimwita Mama Urari, kwa sababu hamalizi sentensi bila kuutaja urari wa biashara, ile tofauti ya unachouza nje na unachonunua. Siku hiyo aliingia na bahasha tano.

"Fungeni daftari. Leo kila meza ni nchi, na hii meza yangu ndiyo soko la dunia. Nanunua duara za karatasi na maboksi ya karatasi. Bidhaa ikigusa sakafu imezama baharini, siitaki. Hii ni nusu ya alama zenu. Nchi itakayoshika mkia, sifuri."

Nikaivuta bahasha yetu kwangu.

Tukafungua bahasha. Meza ya mbele, ya kijana mvaa tai tuliyemwita Waziri, ilipata mikasi mitatu, rula, bikari na gundi.

Sisi tulipata karatasi arobaini. Basi.

Nikaitikisa bahasha. Nikaichungulia. Nikainusa.

"Mkongwe, unanusa nini?" akauliza Baunsa, raia wangu wa kwanza, bonge la mtu lenye sauti nyembamba.

"Natafuta mkasi."

"Kwani mkasi unanuka?"

Nikaenda kwa Waziri, nikajishusha kama mgeni asiyealikwa.

"Kaka, tuazime mkasi."

"Karatasi thelathini, dakika tano."

"Thelathini? Huo mkasi au figo?"

"Ndiyo soko, mzee wangu. Si umelisoma mara tatu?"

Meza yao ilicheka mpaka wakashikana mabega.

Nikarudi kwangu, nikakaa. Bila kufikiri, vidole vikaanza kukunja karatasi.

Hapa lazima nikiri kitu. Kabla ya chuo, mwaka mzima nilikuwa mkunja maboksi ya keki kwenye duka la mikate. Maboksi mia tano kwa siku. Hakuna mkasi, hakuna gundi. Unakunja, unapitisha ukucha, unachana kwenye mkunjo, unachomeka masikio ya pembeni. Chuoni sikumwambia mtu. Niliona aibu.

Boksi likasimama mezani.

"Toba!" akasema Baunsa.

Nikalipeleka sokoni. Mama Urari akalibonyeza, akalivuta masikio.

"Pointi kumi."

Tulicheza! Baunsa alinibeba juu kama kombe. Nikawafundisha raia wangu, tukakunja kama tumelogwa. Maboksi kumi na mawili yakanunuliwa, lakini kila nikirudi bei imeshuka. Saba. Nne. Moja. La kumi na tatu, Mama Urari akanirudishia mkononi.

"Mama, kulikoni?"

"Umelijaza soko mwenyewe, mwanangu."

Nikabaki na maboksi ishirini na nane, hayana kazi. Wenzetu wote walishakodi mikasi, wameuza duara chache, nyingine zimerundikana mezani zikingoja kupelekwa, na duara moja ilikuwa pointi ishirini. Ubaoni tulikuwa mkiani.

"Rais," akanong'ona Baunsa, "raia wana njaa."

Mimi nilikuwa nakiona kile kitambaa juu ya kabati.

Ndipo feni la darini likaanza kuzunguka, taratibu, kisha kwa kasi.

Waziri alikuwa njiani kwenda sokoni, duara amezipanga kiganjani kama mhudumu wa hoteli. Zikapaa zote! Akazikimbiza darasa zima, tai begani, huku kila duara ikitua sakafuni.

"Imezama," alihesabu Mama Urari kwa furaha. "Imezama. Na hiyo."

"Mama, zima feni!"

"Dhoruba huwa unaizima kwa swichi?"

Kila nchi ikalalia duara zake kifudifudi. Hakuna aliyethubutu kuvuka.

Nikayatazama maboksi yangu.

"Baunsa, simama. Tunaingia kwenye usafirishaji."

Tukapita meza hadi meza. "Boksi hapa! Kila duara kumi tunazofikisha, mbili zetu!" Walitukumbatia. Kwa Waziri nikataja nne.

"Nne? Huu wizi!"

"Ndiyo soko, mwanangu."

Kengele ilipolia tulikuwa wa kwanza. Tulipiga kelele mpaka darasa la jirani wakagonga ukuta.

Waziri akainua mkono.

"Hujuma! Wao ndio waliowasha feni ili wauze maboksi!"

Mama Urari akavua miwani.

"Kama ni kweli, nchi hiyo naifuta. Nani aliwasha?"

Nikamtazama Baunsa, ndiye aliyekaa karibu na swichi. Baunsa akanitazama mimi. Kumbe na yeye alinishuku!

Binti mmoja wa meza ya Waziri akakohoa.

"Mheshimiwa... si wewe ulisema tai inakubana, joto limezidi? Ukaenda kwenye swichi, ukarudi kubeba duara?"

Darasa lililipuka. Waziri alishika tai yake kama ndiyo shahidi.

Mama Urari alicheka mpaka akakaa. Kisha akachukua boksi moja.

"Mara mbili umenikaririshia kitabu, nikakuangusha. Hii umeisoma wapi?"

"Duka la mikate, mama."

Nilisema kwa sauti. Wote walisikia, na hakuna aliyecheka.

Jioni nikampigia dada. Nilimwambia maneno mawili tu: "Kata kitambaa."

Wewe unayesoma hapa, una kazi uliyowahi kufanya ukaificha. Usiione aibu. Akili inaweza kusahau kitabu, lakini vidole vinakumbuka.

Na ukijaliwa mikasi mitatu, mwazime mwenzio mmoja. Joto halichagui meza.