Vumbi la Njano Mgongoni mwa Meneja

Mdogo wangu wa kike ni fundi cherehani, na kama hujawahi kumsikia akijisifu, basi unaishi mbali sana. Kujisifu kumo katika damu yetu. Mimi niliongezewa na sura. Yeye akaambulia kazi.

Sebule yake ndiyo karakana: cherehani dirishani, meza ya kukatia katikati, na juu ya meza hiyo, kwenye vitambaa vya watu, analala paka dume mnene aitwaye Meneja. Jina hilo alipewa na wateja, maana kazi yake ni kusinzia ofisini na kumtazama kila anayeingia kana kwamba amechelewa.

Siku moja dada akasoma kwenye simu kwamba mimea ya ndani inaweza kuua paka. Tulikoma! Kila aliyekuja kupimwa alihubiriwa kwanza, na futi ikiwa imeshamzunguka kiuno, angekimbilia wapi? Jirani mwenye vyungu vya maua sakafuni alitangazwa muuaji mtaa mzima, naye hana hata paka.

Mtu mwingine angeitoa mimea nje, yakaisha. Yeye akasema sebule isiyo na majani ni ghala. Akampandisha mume wake, shemeji yangu mpole, kwenye ngazi, akamfungisha bomba la chuma toka ukuta hadi ukuta karibu na dari. Mimea yote ikatundikwa huko kwa henga, kama magauni yanayosubiri wenyewe.

"Kaka, tazama juu. Paka gani atafika pale?"

"Paka hafiki, lakini maji ya kumwagilia yananifikia mimi utosini."

"Huko ni kuoga. Ulikuwa unahitaji."

Ndipo mama mmoja, kwa kufurahia gauni lake, akamletea fungu la mayungiyungi. Makubwa, meupe, yamefumbua midomo kama kwaya. Dada alijua fika kwamba kwa paka hakuna baya kuliko hayo, na alilisema kwa madaha kama aliyeligundua yeye. Akayatia kwenye kopo, akayatundika juu kabisa, katikati ya chumba, kila mteja ayaone. Chini yake ni meza. Juu ya meza ni Meneja.

Siku ya pili nilikuwa pale namsaidia kunywa chai. Paka kalala juu ya gauni jeupe la bibi harusi, mgongo una vumbi la njano.

"Mbona paka wako anaota kutu?"

"Chaki hiyo. Kila siku ananilalia chaki, mshenzi huyu."

Kweli, chaki yake ya kuchorea vitambaa ni ya njano. Akamsogeza Meneja, akachukua brashi aifute chaki kwenye gauni, huku Meneja akianza kujilamba bega. Chaki hutoka kwa mkupuo mmoja wa brashi. Hii ikagoma. Alipokazana, doa likatambaa likawa kama kiganja. Fundi wangu akaweka brashi chini. Akanusa kidole. Kisha akainua macho polepole hadi kwenye bomba, ambako yungiyungi moja lilikuwa limeinama, linadondosha unga wake taratibu.

"Kaka, hii si chaki!"

Akamnyakua paka, akamviringisha ndani ya lile lile gauni, akabakiza kichwa tu nje asiendelee kujilamba.

"We! Gauni la watu!"

"Nitashona jingine. Paka sijui kumshona."

Tukatoka mbio, yeye na kandambili, gauni linaburura nyuma.

Daktari wa wanyama alikuwa kijana mwenye miwani na ulimi wa wembe.

"Ameyafikiaje maua?"

"Hajayafikia! Nimeyatundika darini, kwa bomba, kwa henga..."

"Basi mama, umemnyunyizia."

Dada, bingwa wa majibu, akaanza kumfuta Meneja masikio kwa pindo la gauni. Nilitaka kufaidi, lakini alimfuta kama mtoto mchanga, nikafaidi kidogo tu. Daktari akaeleza kwamba ule unga wa maua ni chavua, neno nililolitoroka darasa la sita, na kwamba ikilambwa inaua figo za paka. Akamwosha, akamtundikia dripu.

"Figo zikigoma hatakojoa. Akikojoa vizuri, tuna matumaini."

Basi yule fundi wa maharusi akaketi kwenye benchi, paka mapajani, akimbembeleza: "Kojoa, baba. Kojoa, mwanangu." Mimi nikaanza kupiga mluzi.

"Sasa hiyo nini, kaka?"

"Watoto si hukojoeshwa hivi?"

"Una akili ya uzi uliokatika. Endelea."

Tukamwacha paka kwa daktari, tukaenda kulala, asubuhi tukarudi. Meneja alikuwa hajatoa hata tone, na daktari alikuwa ameacha mizaha, jambo lililonitisha kuliko mizaha yenyewe. Dada akampakata tena. Akapigiwa simu na mama wa bibi harusi, hakupokea. Alikuwa ameanza kunigombeza kwamba mluzi wangu hauna nguvu, mara akakatiza. Akatazama sketi yake, ile ya kutokea. Paja zima lilikuwa linalowana, na harufu ikawasogeza wenye mbwa hadi mlangoni.

"Amekojoa! Daktari! Amekojoa, tena mwingi!"

Daktari akaja mbio na karai, akanyoosha mikono amchukue.

"Mwache kwanza," dada akamfokea. "Mwache amalize."