Namba Niliyoifuta

Watu thelathini na tisa tulikosa kwa jibu moja lilelile. Aliyepata peke yake ni yule tuliyemnakili.

Ngoja niwaeleze ilivyokuwa.

Ulikuwa mtihani wa vitendo wa kemia. Mwalimu alishatuonya: atakayekosa nusu ya alama, anahama sayansi. Na mama yangu, fundi cherehani, alishawatangazia wateja wake wote kwamba bintiye atakuwa mtu wa maabara.

Tumbo lilinisokota tangu asubuhi.

Kazi ilikuwa kudondosha asidi kutoka kwenye bureti, ule mrija mrefu wa kioo ambao namba zake zinaanzia juu kushuka chini, mpaka maji ya kwenye chupa yabadilike rangi. Kisha unasoma umetumia asidi kiasi gani.

Yangu yakabadilika. Nikainama, nikasoma. 24.7.

Nikasoma tena. 24.7. Nikaandika kwa penseli.

Mara minong'ono ikaanza kutambaa meza hadi meza. Profesa, kichwa cha darasa letu, kapata 25.3. Vifutio vikaanza kazi.

Jirani yangu akachungulia karatasi yangu, akacheka chini chini.

"We Kimya, unashindana na Profesa?"

Sikujibu. Jina lenyewe mnalisikia.

Nikatazama bureti. Nikatazama saa. Nikakaa, nikasimama, nikakaa. Moyo ulinidunda kama wa mwizi, na wala sikuwa nimeiba bado.

Zikabaki dakika mbili. Nikafuta. Nikaandika 25.3.

Siku ya matokeo mwalimu hakukaa hata kwenye kiti. Alisema kuna mtu alisoma bureti kutoka chini kwenda juu, kama mtu anayesoma kikombe cha kupimia, akaanzia kwenye 25 na kuhesabu kupanda. Jibu lilikuwa 24.7.

Profesa aliligundua kosa lake mapema, akalisahihisha kimyakimya.

Darasa zima likamgeukia. Mbona hukutuambia?

"Kwani mliniuliza?"



Baadaye mwalimu akaniita ofisini. Aliinua karatasi yangu dirishani, mwanga ukapita.

"Hapa chini kuna namba imefutwa. Ya nani?"

"Yangu, Mwalimu."

"Ulifutia nini?"

"Wenzangu wote walikuwa na nyingine."

Akaishusha karatasi. "Pole, mwanangu. Mimi nasahihisha ulichoandika."

Kilichotuokoa ni wingi wetu, maana darasa la sayansi lisingebaki na mtu mmoja. Tulirudia mtihani, safari hii kila meza na asidi yake, nguvu mbalimbali. Hakuna aliyechungulia, ungechungulia nini?

Nilipita.

Leo napima damu za wagonjwa hospitalini. Kuna siku namba yangu inakataa kufanana na za wenzangu. Narudia kupima. Ikija ileile, naiandika kwa wino, na tumbo bado linanisokota vilevile.

Lisokote tu. Ukishaangalia mara mbili kwa macho yako mwenyewe, weka kifutio mbali.