Mluzi wa Ekseli ya Nyuma

Gereji ile ilikuwa na lango la bati, na juu ya bati, kwa rangi ya buluu iliyoanza kubanduka, palisomeka neno moja tu: SIKIO. Hilo ndilo jina watu walilompa mwenyewe, fundi aliyekuwa akikaa kiti cha nyuma cha gari, akafumba macho kwa mwendo mfupi tu, kisha akataja kilichoharibika. Kwa miaka thelathini na ushei hakuwahi kukosea. Naye alilijua hilo, na hakuona sababu ya kulificha.

Alichokuwa akikificha ni kitu kingine. Kwa miaka miwili sauti nyembamba zilikuwa zimemhama moja moja: kwanza kengele za baiskeli, kisha filimbi ya birika, kisha wajukuu wakinong'ona. Zile nene bado alizipata. Binti yake, aliyeshika spana pamoja naye tangu amalize shule, alikwisha kugundua lakini alinyamaza. Alianza tu kuongea akimtazama baba yake usoni, akifungua mdomo vizuri. Hawakuwahi kulizungumza.

Asubuhi moja akaja mkunga na gari dogo la kijivu lililopiga mluzi kutoka nyuma. Mwendo ukifika hamsini mluzi unaanza, na ukianza hauachi. Gereji ya kwanza ilimbadilishia matairi. Ya pili ilimwekea beringi mpya magurudumu yote mawili ya nyuma. Ya tatu ilimshauri auze gari. Yeye alizunguka vituo vinne vya afya kila wiki, na alidai mluzi ule sasa aliusikia hata akiwa amelala kitandani.

"Nimeambiwa hapa ndio mwisho wa safari," alisema. "Nataka neno la mzee mwenyewe."

Mzee akaketi nyuma, binti akashika usukani. Wakaenda hadi kwenye mzunguko wa barabara na kurudi. Sikio alifumba macho kama desturi yake, akasubiri. Alisikia injini, upepo na ngurumo ya matairi tu. Waliporudi, mkunga alikuwa amesimama langoni, mkoba kifuani, akimtazama kama mtu anayesubiri majibu ya vipimo. Ndipo mzee akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: alikisia. Matairi mapya, beringi mpya, kimebaki nini?

"Difu," alisema, yaani lile bonge la chuma katikati ya ekseli linalogawa nguvu kwa magurudumu mawili. "Itolewe, itafutwe nyingine."

Mkunga alikwenda kukaa kwenye benchi, mabega yakiwa yamemshuka. Binti alikuwa akifuta mikono ambayo haikuwa michafu. Alimsogelea baba yake, uso kwa uso.

"Baba, si difu."

"Nimeshasema difu."

"Nilitoa gia nikaacha gari liserereke lenyewe. Mluzi haukubadilika hata chembe. Ingekuwa difu ungepungua, au ungegeuza sauti. Na kila nilipokata kushoto, ulizidi."

Ukikata kushoto, uzito wa gari unaegemea kulia. Mzee ndiye aliyemfundisha hilo, miaka ile alipokuwa akimlaza kwenye buti la gari na kumwambia asikilize kwa mgongo. Alimkumbusha kwamba beringi ya kulia ilikuwa mpya.

"Ni mpya," binti alikubali. "Sijui kwa nini inalia. Ila inalia."

Mzee angeweza kumnyamazisha kwa neno moja. Ndani ya lango lile neno lake halikuwa na rufaa. Hasira ilimpanda kweli. Lakini lilimchoma lile "sijui", jinsi lilivyomtoka binti bila aibu, wakati yeye lilikuwa limemkwama kooni.

Wakalipandisha gari juu ya jeki na kuyawekea kabari magurudumu ya mbele, binti akawasha injini na kutia gia. Mzee akachukua bisibisi ndefu yenye mpini wa mti, ile aliyozoea kuiweka sikioni, safari hii akauuma mpini kwa meno. Akagusisha ncha kwenye difu: mtetemo laini, kama paka anayekoroma. Penye beringi ya kushoto, vilevile. Alipogusa kulia, meno yalimwasha kana kwamba ameuma barafu. Mluzi ule ulipanda mfupani hadi ndani ya kichwa, mwembamba, mkali, wa kwanza kumfikia kwa miaka miwili. Nusura acheke.

Waliifungua beringi. Ilimetameta kwa upya, ila ndani ya pete yake palikuwa na vishimo vidogo vilivyofuatana kwa nafasi sawa. Aliyeifunga aliipigilia kwa nyundo badala ya kuikandamiza taratibu.

"Wameiua siku ileile waliyoifunga," mzee alisema. Kisha akaenda hadi kwenye benchi. "Mama, nilikuambia difu. Nilikosea. Masikio yangu hayashiki tena sauti nyembamba, na niliona haya kusema. Aliyesikia ni huyu binti yangu."

Mkunga alishusha mkoba magotini. "Baba yangu naye hasikii," alisema. "Ila yeye anadai sisi ndio tunanong'ona."

Jioni, beringi nyingine ikiwa imekaa mahali pake, mkunga aliendesha mwenyewe. Mzee alikaa nyuma bila kufumba macho. Alikuwa akiutazama uso wa mkunga kwenye kioo. Hamsini. Sitini. Uso ule ukalegea, na yeye akajua.

Wiki mbili baadaye binti alipokea simu, kisha akaja kusimama mbele ya baba yake.

"Ni yule mkunga. Ana mwenzake, gari lake linagonga mbele. Amemwambia aje kwa Sikio."

"Mwambie nipo."

"Baba, amesema Sikio yule binti."

Mzee akaweka kiganja nyuma ya sikio. "Umesemaje?"

Akarudia. Mzee akatikisa kichwa kwamba bado. Binti alimtazama, akaona wazi kwamba mzee alikuwa ameyasoma maneno midomoni mwake tangu mara ya kwanza. Akarudia hivyo hivyo, kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya barabara.