Siku Mama Alipoingia Makaburini

Nilipokuwa mtoto kule Makadara, kitu tulichokiogopa kuliko askari wa jiji kilikuwa kidole chetu wenyewe. Ukikinyoosha kuelekea kaburi, kitaoza. Hilo halikuwa na mjadala. Ukisahau ukanyoosha, dawa yake ilikuwa kuviuma vidole vyote, kimoja kimoja, huku ukizunguka pale pale uliposimama. Kulikuwa na mwenzetu aliyekatwa kidole na mashine ya nyama ya baba yake, na mtaa mzima uliapa kwamba wiki hiyo alikuwa amelinyooshea jeneza. Nani angebishana na ushahidi kama huo?

Shosho, mamake mama, ndiye aliyekuwa mkuu wa mambo hayo nyumbani kwetu. Alibatizwa Monika akiwa mtu mzima, rozari haikumtoka shingoni, na misa ya kwanza ya Jumapili haikumpita. Lakini makaburini, ng'o! Alikulia Murang'a zama ambazo mtu akigusa maiti alihesabiwa najisi mpaka atakaswe, na naona maji ya ubatizo hayakuifikia sehemu hiyo ya moyo wake. Watu wakizika, yeye hubaki barabarani, mgongo ameupa lango, anasali huko huko.

Miaka ya sabini ikielekea ukingoni, ndugu yangu Petro alikufa. Alizaliwa dhaifu, nesi mmoja Mkatoliki akambatiza wodini kwa maji ya mfereji, na kabla mvua ndefu hazijaisha akatutoka. Shosho akatoa amri: mama hakifuati kitoto chake kaburini, atafunga kizazi. Mama akabaki kitandani, ameukodolea macho ukuta. Waliokwenda ni baba, katekista na mimi, kwa kuwa baba alisema mtoto wa tumbo moja lazima atupe udongo. Nikatupa. Basi katika nyumba ile, ukimtoa baba, mimi peke yangu ndiye niliyejua Petro amelala wapi, na meno ya utotoni nilikuwa bado sijamaliza kuyang'oa.

Jina lake halikutajwa tena. Shosho alisema kumtaja ni kumsumbua. Mama alikuwa akisimama katikati ya kazi, mwiko mkononi, sukuma wiki zinaungua, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Mara moja tu, akinisuka nywele, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Njeri, ni mahali pakavu?" Nikamwambia kuna mti wa mkaratusi. Akaendelea kusuka, na safari hii alinivuta nywele mpaka nikalia.

Ikaja Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu. Padri akatangaza misani kwamba Jumamosi alasiri atabariki makaburi katika sehemu ya Wakatoliki, kila jamaa wakapalilie la kwao. Kisha akaongeza, tena bila kupandisha sauti, kwamba wenye makaburi ya watoto wawe waangalifu: ardhi imejaa, na lisilo na alama wala mwenyewe litachimbwa tena, azikwe mwingine. Nilimwona mama akishika benchi la mbele kwa mikono miwili.

Baba alikuwa safarini na lori la kiwanda, huko mpakani mwa Uganda. Na mama alikuwa mjamzito tena, tumbo limeshachomoza.

"Nakwenda," mama alisema usiku ule.

"Huendi," shosho akajibu. "Aliye chini atamwita aliye tumboni. Watoto hupenda wenzao."

Wallahi, maneno hayo bado yananisisimua mwili, na mimi sasa ni mtu mzima mwenye miwani. Walivutana wiki nzima. Mwishowe wakakubaliana hivi: mama atafika langoni tu, shosho akiwa naye kumlinda. Ndani nitaingia mimi na Mama Nduku, jirani yetu Mkamba ambaye mumewe alikuwa mchonga vinyago. Huyo mzee alikuwa ametuchongea msalaba mpya wa mti mgumu, na hakutaka hata asante.

Jumamosi tukafika. Tulimwacha mama kando ya ua wa miti ya miiba ya kayaba, shosho kamshika mkono kama mtu anayemshika mtoto karibu na barabara kuu. Mimi na Mama Nduku tukaingia na jembe na panga. Watu walikuwa wengi, wengine wanapaka chokaa, wengine wanapanda maua ndani ya makopo, watoto wanakimbizana wakikemewa wasikanyage watu. Upande wa watu wazima ulikuwa umependeza. Tulipofika kona ya watoto, nikasimama. Nyasi zilikuwa zimenifika kiunoni. Misalaba mingi haikuwepo; ya mbao laini huliwa na mchwa, na mingine, Mungu awasamehe, ilikuwa imechukuliwa kuni.

Mkaratusi nikauona. Chini yake palikuwa na vituta viwili vimelala sambamba, na cha kwetu nilikijua, kwa sababu siku ya maziko nilisimama kwenye mzizi mmoja uliotokeza, viatu vyangu vikaelekea miguuni pa Petro.

"Haya, lipi?" Mama Nduku akauliza.

Nikaficha mikono nyuma. Nikabinua midomo kuelekea huko, vile watu wazima huonyesha kitu bila kidole.

"Wee mtoto, midomo hiyo inaonyesha makaburi yote mpaka Mombasa! Lipi?"

Nikabinua tena. Padri naye alikuwa akija safu kwa safu na ndoo ya maji ya baraka, na nyuma yake alitembea mlinzi wa makaburi akiangalia yapi yana wenyewe na yapi hayana.

Ndipo mama akaita kutoka langoni. Sijawahi kumsikia akipaza sauti hivyo, si kabla, si baadaye. "Njeri! Yuko wapi? Nionyeshe!"

Kutoka kule asingeona midomo. Nikamtazama, amejinasua mkononi mwa shosho, amesimama na tumbo lake, shingo ameinyoosha juu ya watu, nikaona uso wake. Nikatoa mkono, nikanyoosha kidole sawasawa kwenye kituta cha Petro, nikakishikilia hapo. Nilikuwa nalia. Nilijua kidole ndiyo basi.

Mama akaanza kutembea. Akapita lango.

"Wambui! Rudi!" shosho akapiga kelele. "Ngai! Wambui!"

Mama hakugeuka. Watu wakaacha majembe. Shosho akabaki langoni, anakwenda mbele, anarudi nyuma, halafu nikamwona anajipiga ishara ya msalaba na kuingia mbio, yule ambaye hakuwahi kukanyaga kaburini maisha yake yote. Akamfikia mama katikati ya njia. Nilidhani atamvuta arudi. Kumbe alifungua leso kiunoni mwake, akabaki na gauni la ndani mbele ya padri na halaiki ya waumini, akamfunga mama tumbo zima, tabaka juu ya tabaka, mpaka likafichika. "Sasa twende," alisema akihema. "Hatamwona."

Mama akapiga magoti. Hakutaka jembe wala panga, aling'oa nyasi kwa mikono mpaka udongo ukaonekana. Shosho akasimama nyuma yake, macho amefumba fu, kamshika mabegani. Mama Nduku akapigilia msalaba. Padri alipofika aliuliza jina la mtoto.

"Petro," mama akasema. Nilikuwa sijalisikia jina lile tangu mvua ndefu.

Kidole changu hakikuoza, na miezi michache baadaye tulipata msichana mwenye mapafu ya kuamsha mtaa. Shosho alisema ni leso. Mama alisema ni baraka ya padri. Waliendelea kubishana juu ya hilo mpaka shosho alipofariki, na kila Novemba alikuja kupalilia nasi, macho nusu amefumba, akinung'unika njia nzima. Woga wake haukuisha hata siku moja. Nikisikia watu wakiwacheka wazee wa namna ile, naudhika, kwa sababu sijui msomi yeyote aliyewahi kuingia mahali anapoamini patamdhuru yeye mwenyewe, ili tu mwanawe asiingie peke yake.

Padri atakwambia marehemu hana haja na jembe letu, na ni kweli. Mwenye haja alikuwa mama. Siku ile tukitoka, mwanamke aliyekuwa akiuza maua nje ya lango alinitazama mimi, kisha tumbo la mama lililofungwa leso, akamuuliza kwa uchangamfu, "Huyu ni wa pili, mama?"

Mama alikuwa na udongo mpaka viwikoni. "Wa tatu," akajibu. "Wa pili yuko mle ndani."