Swali la Tisa

Swali la tisa katika fomu zetu liliuliza ni nani mwingine anayeitumia simu hii. Kwenye kilima kimoja upande wa Kabianga nililijibu mimi mwenyewe, nyumba kumi na nne mfululizo, bila kumuuliza mtu. Niliandika "hakuna". Mvua ya alasiri ilikuwa inakaribia, na kwangu mimi, mtu mwenye digrii mbili na simu isiyoguswa na mwingine, jibu lilionekana wazi.

Utafiti wenyewe ulihusu simu na maumivu ya kichwa. Watu walitueleza wanapiga simu mara ngapi kwa siku, kisha, kwa idhini yao, tukalinganisha maneno yao na rekodi za laini zao. Waliokaribiana na rekodi wangeonwa na daktari bila malipo kwa mwaka mzima. Waliopishana nayo sana waliwekwa kando.

Mjane mmoja wa kilima kile, mkulima wa chai na kiongozi wa akina mama kanisani, aliyesumbuliwa na kichwa kwa miaka, alikuwa ameniambia anapiga mara mbili: asubuhi kwa bintiye, jioni kwa dadake. Rekodi ilionyesha zaidi ya mara thelathini. Nilimkuta kwenye kituo cha kununulia chai, gunia lake la majani likiegemea ukuta, majirani wakisubiri lori pamoja naye. Ningeweza kumwita pembeni. Hata kanuni za kazi zilinitaka nifanye hivyo. Nilikuwa na haraka ya kurudi Kericho. Nikamsomea idadi ile mbele ya wote na kumwomba, kwa sauti niliyoidhani ya upole, aniambie ukweli.

Mwanamume mmoja akasema, "Kumbe mama amepata mtu huko Mulot, na sisi hatuambiwi."

Kituo kizima kilicheka. Yeye aliangalia gambuti zake, asiseme neno. Nilichukulia kimya kile kuwa kukiri, nikaandika kando ya nambari yake: haaminiki.

Wiki iliyofuata hakuja. Jirani alimletea majani yake kituoni. Jirani huyo ndiye aliyenifumbua macho bila kujua. Alinung'unika kwamba siku hizi mjane ameitoa simu langoni, na hakuna anayejua lori litafika saa ngapi. Kumbe kwenye kilima kile mtandao ulishika langoni pake tu, tena kwa laini ya kampuni ya simu aliyoitumia yeye. Simu ilikuwa ikining'inia kwenye msumari mchana kutwa, na kila mchumaji aliipitia kumpigia karani wa lori.

Nilipanda kwake nikiwa nimeshapanga cha kusema: ningeifuta ile alama, niandike kwamba maelezo yamepatikana, na fomu zile nyingine zibaki zilivyo. Alinisikiliza akiwa ameshika ndoo ya maziwa.

"Daktari," alisema, kama watu walivyotuita watafiti wote, "uliniuliza mimi napiga mara ngapi. Nikakuambia ya kwangu. Kama ungeuliza nani mwingine, ningekuambia."

Nikamwambia swali lilikuwamo kwenye fomu, na kwamba nililijaza mwenyewe.

"Na hawa wengine? Uliwauliza?"

Nilitikisa kichwa, nikatoa simu yangu nimpigie mkuu wa utafiti. Haikushika mtandao pale. Aliingia ndani, akatoka na yake, akaniwekea mkononi. Nilimpigia mkuu nimesimama langoni, nikamweleza habari ya fomu zote kumi na nne, mjane akisikia. Mkuu aliamua kilima kizima kiulizwe upya, na mtu mwingine. Mjane alirudishwa, akaonwa na daktari.

Kabla sijaondoka aliniomba jambo moja: niuseme ukweli pale pale kituoni nilipomsomea idadi ile. Kesho yake nilikwenda. Lori lilikuwa limewahi, na watu wengi walikwisha kupima majani na kwenda zao. Niliusema mbele ya wanawake watatu na karani, nao wakaitikia kwa vichwa. Aliyetaja Mulot hakuwapo.