Sifumui

Darasa letu la ushonaji lilikuwa chumba kimoja nyuma ya kanisa, pale Ifakara. Tulikutana mchana, jua likiwa utosini na vyombo vimeshaoshwa. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza shule na kurudi kwa mama. Sikuwa na kazi wala mchumba, mambo mawili ambayo mtaa mzima uliyajadili kwa niaba yangu. Mama akanipeleka kushona ili nionekane nashughulika.

Tulishona mablanketi ya viraka. Mafundi cherehani wa sokoni walitugawia mabaki yao: vitenge, khanga, kaki ya sare za shule, satini iliyobaki kwenye gauni la harusi ya mtu. Tulikata miraba, tukaiunga, tukaweka blanketi kuukuu katikati na shuka chini, kisha tukapitisha uzi kwa mkono mpaka tabaka zote zikashikana. Miezi ya baridi, upepo unaposhuka kutoka milimani, hakuna kitu kilichopasha mwili moto kama hicho.

Nilipenda kazi ile tangu siku ya kwanza, na mimi sikuwa mtu wa kupenda kazi. Nilipenda kutandaza vipande sakafuni na kuvigombanisha: njano ikae na zambarau, maua yakae na mistari, nione nani atamshinda mwenzake. Nilisahau njaa. Nilisahau hata kwamba sina mchumba.

Mwalimu wetu alikuwa mwanamke mstaafu, aliyefundisha maarifa ya nyumbani shuleni miaka mingi. Mwembamba, mnyoofu, hata khanga yake ya kuingilia jikoni ilipigwa pasi. Kazi yake aliijua, hilo siwezi kumnyima. Mishono yake ilikwenda kama mpunga uliopandwa kwa kamba. Lakini alikuwa akipita nyuma ya migongo yetu na rula ya mbao mkono mmoja, wembe mkono mwingine. Akiona mshono umekwenda upande, aliukata uzi palepale.

"Fumua," alisema.

Tukafumua. Wanawake waliozoea kuinama shambani tangu alfajiri, wanaofukuza nyani na nguruwe pori, walitetemeka mbele ya kipande cha kitenge. Masika yalikuja yakaisha, na hakuna aliyekuwa amemaliza blanketi hata moja.

Ila mmoja alikaribia. Alikuwa Msukuma, mumewe alihamia bondeni na ng'ombe, na yeye alikuja darasani kwa miguu, mtoto mgongoni. Alishona kwa mishono mirefu kama kidole gumba, huku anaimba chinichini. Miraba yake haikuwa miraba. Mtoto alilala juu ya rundo la mabaki yetu, na ukihitaji kipande cha chini yake unasubiri aamke. Nilikaa karibu naye kila siku, kwa sababu karibu naye palikuwa na raha.

Ijumaa moja mwalimu aliinyanyua juu kazi ya yule Msukuma, watu wote waione.

"Hii ni nini?"

"Blanketi, mwalimu."

"Kona hazikutani."

"Zitakutana mbele ya safari, mwalimu."

Tulicheka. Mwalimu hakucheka. Akaweka wembe kwenye mshono wa katikati, akaukata kutoka upande huu hadi ule, akahamia wa pili. Vipande vilianguka miguuni pake. Mtoto aliendelea kukoroma. Rafiki yangu akaokota vipande vyake, akavifunga kwenye khanga, akambeba mtoto.

"Asante, mwalimu," akasema, akatoka.

Mwalimu akaja kwangu. Akaweka rula juu ya blanketi langu.

"Na wewe, mstari huu umepinda. Fumua."

"Sifumui."

"Umesemaje?"

Nikasimama, maana kwetu mtu mzima humkatalii ukiwa umekaa. "Nimesema sifumui, mwalimu. Nimeona umepinda. Nimeupenda hivyohivyo."

"Kazi mbaya ni aibu ya aliyefundisha."

"Basi waambie hukunifundisha wewe."

Mtu nyuma yangu alisema "Yesu!" Nikakunja blanketi langu, nikaondoka.

Nilimkuta rafiki yangu karibu na mashine ya kukoboa mpunga. Nilidhani analia. Alikuwa amekasirika.

"Kwetu ng'ombe akiwa na pembe zisizolingana, tunamkamua vilevile," aliniambia. "Huyu mama angemchinja."

Habari zilifika nyumbani kabla yangu.

"Umemjibu mtu mzima?" mama aliuliza.

"Nimemjibu kwa adabu, mama."

"Adabu gani hiyo ya kusema sifumui?"

Akaniamuru niende kuomba radhi. Kesho yake nikamfuata nyumbani kwake. Nilimwamkia mwalimu shikamoo, akaitikia marahaba, nikamwomba radhi kwa kuondoka bila kuaga. Habari ya blanketi sikuigusa.

Aliishi peke yake. Juu ya kiti palikuwa na kazi kubwa imekunjwa, nusu ya blanketi, na aliponiona naitazama akaifungua mwenyewe. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile. Bluu na nyeupe tu, nyota ndani ya nyota. Lakini nilipoishika, nilihisi kitambaa kimelegea. Kando ya mishono palikuwa na matundu ya sindano, mengi, kimekuwa kama chujio. Alianza kuishona kabla hajastaafu. Alikuwa ameifumua mpaka nguo yenyewe imechoka.

"Nitaimaliza nikiipata kona hii," alisema.

Niliitazama kona. "Mwalimu, mbona iko sawa?"

"Wewe huoni."

"Basi ilalie. Ukilala hata wewe hutaiona."

"Mtu anayeridhika upesi hajifunzi."

"Na asiyeridhika kabisa, mwalimu, anajifunika nini?"

Aliikunja kazi yake taratibu, kona juu ya kona, akanimiminia chai. Tukanywa, tukazungumzia bei ya mchele. Nilimhurumia, kweli, lakini huruma haikunirudisha darasani.

Tulihamia barazani kwa mama, mimi na Msukuma wangu. Aliunga upya vile vipande vilivyokatwa, vibaya zaidi ya mwanzo, makusudi. Wanawake wa darasani wakaanza kuja mmojammoja, wakisingizia wanapita tu. Anayetaka kufumua alifumua, hakuna aliyemwamuru. Tulimaliza mablanketi. Mengine yalikuwa mabaya, sitadanganya. Moja lilifanana na ajali ya lori la mitumba, na mwenyewe alilipenda kuliko sisi sote. Mkono wangu ulinyooka kidogo kwa mazoea, na watu waliponisifu kwa hilo nilinuna.

Baadaye mume wa rafiki yangu alihamisha ng'ombe kuelekea Malinyi. Rafiki yangu aliondoka amejifunga lile blanketi lake la vipande vilivyokatwa mabegani kwenye jua kali, kwa majivuno tu.

Mwaka huo wakaja watu wa posa kutoka Mchombe. Mama akanisihi nifiche mablanketi yangu chumbani. Nilitandika mojawapo lililopinda sana kwenye kitanda cha wageni. Shangazi wa bwana harusi alikuwa mwanamke mzito, mkimya, wa kuchunguza mambo. Aliingia kupumzika, akaligeuza, akaangalia mishono ya nyuma, akaniita.

"Nani kashona kazi hii?"

"Mimi, shangazi."

"Imepinda."

"Ndiyo, shangazi. Ipo nyingine imepinda zaidi. Nikuletee?"

Mlangoni mama alifumba macho. Shangazi aliniangalia kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha akavua viatu, akapanda kitandani.

"Lete," alisema. "Miguu yangu ina baridi."